Kiota cha Mlango Juu

Umewahi kuona kiota cha mnana chenye mlango juu? Mimi nilikiona siku ya pili tu baada ya kuhamia kwa mwanangu.

Alikuwa amemwita fundi wa msumeno aukate mwarobaini wa nyuma ya nyumba, anijengee chumba pale. Lakini kwetu mti wenye makinda haukatwi mpaka yaruke. Marehemu mume wangu ndiye aliyeliacha neno hilo, na mwanangu halivunji. Basi fundi anaegemeza ngazi tu, mkwe wangu, mke wa mwanangu, akatoka mbio. "Jamani, kuna kiota!"

"Kimeota usiku?" fundi akacheka. "Jana nimeukagua mti, sikukiona."

"Jana ulikuwa unakagua chai."

Mwanangu akanigeukia. "Mama, ndege unawajua wewe. Kina wenyewe?"

Nikakitazama. Mnana hufuma kwa majani mabichi. Kile kilikuwa kikavu kama ufagio wa mwaka jana. Halafu huweka mlango chini, mvua isimlowanishie watoto. Huu ulitazama mbinguni kama kikombe. Na pale kwenye tawi niliona uzi wa buluu, umepigwa fundo la mshonaji, likarudiwa. Nyumba ile ina mshonaji mmoja: mkwe wangu.

Kumbe! Ndiyo maana jana alinipokea mzigo bila kunitazama usoni. Hataki nipate chumba. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

"Ndege hahukumiwi kwa haraka," nikamjibu mwanangu. "Nipe mpaka jioni." Fundi akabeba ngazi yake, akaondoka ananung'unika.

Mkwe alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, chini ya mwarobaini uleule. Nikavuta kigoda nikakaa karibu. Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio, ila haukanyagi.

"Huyu mnana wa uzi wa buluu," nikamuuliza, "anataga lini?"

Akainamia kitambaa chake.

"Kama hunitaki, sema, mwanangu. Njia ya kwangu bado naikumbuka."

"Si wewe, mama! Haki ya Mungu si wewe." Akasukuma kitambaa pembeni. "Ndani mle ni tanuri. Wateja wangu wanakaa hapa kwa sababu ya kivuli. Nilimwambia mwanao, akasema nitazoea. Wewe chukua chumba cha watoto, wao watalala sebuleni. Lakini mti wangu sitaki ukatwe. Sitaki!"

Jioni mwanangu alipouliza tena, nikamjibu, "Kina mwenyewe, mti usikatwe."