Colonel Anakufa Page 112

Kahongya wa Vulamba aliachaka masomo mu sixième primaire, mais kuachana na bitabu, hapana. Alikuwa na makartoni tatu ya bitabu bya zamani, bya bapolisi, ba-espions na batu ba bunduki, bile wazungu ba kahawa baliachaka Butembo wakati balikimbia. Hakuwa anabiuzisha, alikuwa anabizungusha. Kitabu kinatoka Vulamba, kinapanda Manguredjipa kwa bachimba zahabu, kinashuka Beni, kinarudi kimechakaa kama kiatu ya mulinzi. Na sheria ilikuwa moja tu: ukimaliza kusoma, unaandika avis yako, vile umekiona, ku mugongo ya kitabu, pamoja na jina, ili mwenye anakufuata ajue kama kinafaa ao kinapoteza wakati.

Donc ku mugongo ya kimoja kulikuwa maneno haya:

«Kavira, Vulamba: bunduki imefichwa page 60. Tamu sana.»

«Lusenge, Manguredjipa: docteur, usimuamini hata kidogo.»

«Asma, Bungulu: banaua colonel page 112. Usikose!»

Njo kitabu chenye basoda wenye bunduki ba barrière ya barabara balikamata mu camion ya Josaphat, yaya ya Kahongya, ndugu yake mukubwa, mwenye alikuwa anapeleka makartoni Beni. Ilikuwa wakati ya rébellion. Kila mutaa ulikuwa na colonel wake, na kila colonel alikuwa na woga wake. Josaphat akatupwa mu cachot kule Bungulu, mutaa moja wa Beni. Siku ya ine habari ikafika: kama hakuna mutu wa kueleza ile maneno, batamupeleka mu pori. Na mu pori, ile miaka, batu balikuwa banapelekwa, mais kurudi hapana.

Mama yao hakulia. Alimuangalia Kahongya, akasema: «Bitabu ni byako. Ndugu ni wako. Enda.»

Akaenda. Alimukuta colonel wa Bungulu mu bureau, mutu munene wa macho mekundu, kitabu wazi mbele yake, kidole ku page 111.

«Wewe njo mukubwa wa réseau ya kuniua?»

«Mi njo mwenye bitabu, afande. Ile ni hadisi tu. Uongo mutupu.»

«Uongo?» Colonel akapiga meza. «Sijalala siku tatu! Ule docteur, mi namujua, namuona kabisa vile anatembea. Kijana, usiniambie ni uongo.»

Hapo Kahongya akaelewa. Alikuwa amewaona wengi wenye ugonjwa ule wa bitabu.

«Si ugeuze page, afande, ujionee mwenyewe.»

«Nigeuze? Kimeandikwa colonel anakufa page 112. Mi ni nani?»

«Colonel.»

«Donc?»

«Mais mi nilikisoma mara ine. Niko muzima.»

«Wewe uko colonel?»

«Hapana.»

«Njo hivyo.»

«Basi umupe mwingine akusomee.»

«Nilimupa sergent Phinées.» Colonel akaonyesha soda murefu mwenye alisimama ku mulango. «Akasoma, akarudi anacheka. Akaniambia: mon colonel, unakufa mubaya sana.»

Phinées akainamisha kichwa ili kicheko kisionekane.

Kahongya hakuwa mutu wa kuzunguka na maneno. Alitaka ndugu yake, basi.

«Afande, toa galons.»

«Nini?»

«Zile za cheo, za ku mabega. Usome kama sergent. Sergent Phinées alisoma, alikufa?»

Colonel akaangalia bega ya kuume, akaangalia ya kushoto. Kisha akafungua galons polepole, kama mutu anavua bandeji. Mais galons hazilali ku meza wakati ya vita, mutu lazima azivae. Akamuvalisha Phinées. Yeye akavaa za Phinées. Akajifanya alama ya musalaba, akageuza.

Akasoma. Midomo ilikuwa inatembea. Mara akaruka na kiti.

«Sumu mu supu! Nilisema! Si nilisema ni docteur?»

«Umeona? Ni hadisi. Sasa unipe yaya yangu.»

«Mi siwezi kusaini, petit. Mi ni sergent. Uliza colonel.» Na akarudi mu kitabu, mbali kabisa, kule na docteur.

Colonel Phinées alikuwa amekwisha kukaa ku kiti kikubwa. Karatasi ya kufungua Josaphat ilikuwa mbele yake, bic ya kusaini ku mukono. Akainama, akasema na sauti ya chini:

«Huyu akimaliza, atataka galons zake?»

«Atataka.»

«Mu ile makartoni yako, pale ku ukuta, hakuna kitabu chenye sergent njo anakufa?»

Kahongya alikuwa amepeana avis kwa batu mia: kwa mugonjwa, kwa mujane, hata kwa père moja wa kanisa. Ya namna hii, hajapata kuombwa.

«Iko kimoja. Cha bluu, ya mwanamuke na pikipiki. Page 54.»

«Anakufa kabisa?»

«Banamuzika. Mpaka mbwa wake analia.»

«Na ku mugongo kumeandikwa? Akiona vile, hatageuza.»

«Kumeandikwa. Njo sheria yangu.»

Phinées akainua bic juu ya karatasi, akaiacha hapo hewani.

Kahongya akaangalia mulango wa cachot. Akatafuta mu karton, akakamata kitabu cha bluu, akapasua jalada ya nyuma, akaitia mu mufuko. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupasua kitabu. Bic ikashuka.

Josaphat akatoka na ndevu, amekonda, macho yanaogopa jua.

«Bitabu biko wapi?»

«Bimebaki. Panda camion.»

«Byote?»

«Panda, nakuambia!»

Josaphat alikuwa anatafuta ufunguo ya camion wakati sauti ya furaha ikatoka mu dirisha ya bureau:

«Nimemaliza! Mon colonel, niletee kingine!»

«Hiki cha bluu, sergent,» Phinées akajibu. «Kitamu, utaona.»

«Yaya,» Kahongya akasema, «piga moteur.»