Nati Mbili za Eksozi

Wateja walimwita Mama Robo, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza pikipiki kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yake, na hakuna fundi aliyepita mikononi mwake bila kuimbiwa wimbo uleule: nati ya eksozi ikishagusa, iongezee robo ya mzunguko, halafu uache. Robo tu. Ukizidisha utakata bolti, na ukishaikata usimtafute mchawi.

Sasa Jumapili hiyo, saa nne asubuhi, Mama Robo alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki ya binti yake, spana mkono mmoja, na kwenye kiganja cha pili nati yenye kipande cha bolti ndani yake. Alikuwa ameikata. Yeye mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Tuseme ukweli, hakuwa peke yake katika kosa hilo. Binti aliifunga eksozi ile juzi kwa gasketi mpya, ile pete ya kuziba moshi usivuje, akakaza nati zote mbili kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, jinsi alivyofundishwa. Kazi safi kabisa. Jana asubuhi mama akapita na spana, akajiambia ngoja niongeze kidogo, barabara ile ina mashimo. Jana jioni akapita mumewe, fundi cherehani, ambaye kwenye pikipiki anajua mahali pa kukalia tu. Naye akaongeza kidogo, maana mwanawe anasafiri na baba hawezi kukaa tu nyumbani kwake kama mgeni. Leo mama akarudi tena. Kila mmoja alikuwa akimpenda binti huyo kwa siri, kwenye nati ileile ya kulia.

"Mama, nini hicho kimelia?" Binti alitokea mlangoni, begi begani.

Huyu binti ni mkunga. Alisubiri miaka miwili kupangiwa kazi, na hatimaye barua ikaja: zahanati mpya ng'ambo ya milima, mwendo wa saa tano kwa pikipiki, aripoti Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Asiyefika, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Kwa hiyo ilibidi aondoke kabla ya saa saba mchana, kwani njia ile si ya kupita gizani.

"Bolti imekatika," mama alisema.

"Aa, Mama! Wewe?"

"Mimi."

Binti akatua begi. Hakugomba. Alipiga magoti, akapitisha kidole mahali palipokatika, akaguna. "Si neno. Tunayo nyingine ya akiba?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka Mama Robo. "Hatuna. Na maduka ya vipuri leo yamefungwa. Itabidi usubiri kesho."

Bolti ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, la tatu kutoka mlangoni, chini ya benchi, na yeye aliijua ilipo jinsi anavyoyajua meno yake. Aibu ilimjia baadaye. Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha. Akilini alimwona binti yake mezani siku moja zaidi, akilalamikia redio ya baba yake, ndala zake zimezagaa mlangoni, na yeye mama akizisogeza kwa mguu huku akifoka. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akaona vibaya kuinua uso.

Baba alitoka ndani, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni. Aliitazama pikipiki, akamtazama mkewe, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Mimi niligusa kidogo tu."

"Baba, na wewe!" Binti aligeuka. "Uligusa na nini?"

"Lile koleo la kung'olea misumari."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka huku akifuta macho kwa mkono wenye masizi, akajipaka shavuni, na baba naye akacheka, ingawa kwa tahadhari. Halafu binti akatazama saa. Kicheko kikaisha. Akainuka, akaenda kwenye ukuta wa vifaa, akarudi na waya.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nafunga. Nati moja na waya vitanifikisha."

"Waya hautahimili moto huo."

"Nitafunga nyaya mbili."

"Eksozi itachomoka njiani, ikuunguze mguu!"

"Ikichomoka nitasukuma." Tayari alikuwa akiukunja waya. "Mama, kule kuna wanawake watatu wa kujifungua wiki hii. Mimi siwezi kukaa hapa nikisubiri duka lifunguliwe."

Mama Robo alimtazama kidevu. Kilikuwa kimesogea mbele, na kidevu hicho alikifahamu vizuri, maana ni chake. Hakuna kitu ambacho kingemzuia mtoto huyu. Angeondoka vilevile, na bomba la moto likicheza kando ya mguu wake kwa saa tano za mashimo, kwa sababu ya uongo wa mama yake.

"Weka waya chini," alisema. "Bolti ipo."

Binti akaacha kukunja. "Si umesema hatuna?"

"Nimesema. Nimekudanganya, mwanangu. Nilitaka siku moja."

Baba akaanza kuichunguza futi yake kana kwamba namba zimebadilika tangu asubuhi. Binti aliuweka waya chini, na mama akajiandaa kusikia lolote, kwani alistahili.

"Siku moja tu?" binti akauliza.

"Kwa kuanzia."

Binti akaguna, akajaribu kukasirika, ikamshinda. Alikwenda akamkumbatia mama yake palepale alipochuchumaa, nusura waanguke wote wawili juu ya sanduku la vifaa. "Nguo zangu nimezikunja na kuzikunjua mara tatu tangu alfajiri," alimwambia sikioni. "Unadhani mimi naona raha kuondoka? Lakini naondoka, Mama."

"Najua. Ndiyo maana nimesema ipo."

Kwa bahati kipande kilichobaki kwenye injini kilikuwa kimetokeza urefu wa ncha ya kidole. Walifungua eksozi, wakamwagia kipande mafuta, wakapasha moto, wakazungushia juu yake nati mbili, moja ikabanwa kwa nyingine ili zikizungushwa kipande kigeuke nazo. Mama akashika spana.

"Nipishe, Mama," binti alisema.

Akampisha. Binti alizungusha polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, pumzi ameibana, na kile kipande kikagoma, kikalia, kikagoma tena, mwishowe kikatii na kutoka kizima. Baba alipiga makofi, akaombwa arudi kwenye cherehani yake. Bolti mpya ikaingia, ikafuata gasketi, ikafuata eksozi, kisha nati mbili, huku kidogo, huku kidogo. Muda wote huo Mama Robo alikalia mikono yake, na hilo si la kusema tu: aliketi kwenye kigoda, viganja chini ya mapaja, akiuma midomo.

"Ikishapata moto ikapoa, zitalegea kidogo," alisema. "Kukaza kwa mwisho kutafanyika hukohuko, kesho asubuhi kabla hujaiwasha. Mimi sitakuwepo."

"Nitakaza."

"Robo."

"Robo, Mama."

"Na koleo usimkabidhi mwanamume yeyote."

"Nasikia huku!" baba aliita kutoka ndani.

Saa saba kasoro dakika kumi begi lilikuwa limefungwa kwenye kiti cha nyuma. Baba alimrekebisha binti kola ya koti alilomshonea, akairekebisha tena, akakosa la kurekebisha. Mama alipitisha kiganja kwenye maungio ya eksozi, injini ikiunguruma, akitafuta hata kijipumzi kinachovuja. Hakukipata. Akambusu binti kwenye shavu lilelile lenye masizi, akasogea pembeni.

Alikuwa amejipangia kumsikiliza. Zamani, eksozi ilipokuwa inavuja, pikipiki ile ilibwata mtaa mzima. Ungemfuata binti kwa sikio dukani, darajani, mpaka anaingia barabara kuu. Mama Robo alisimama katikati ya njia, kichwa ameinamisha upande mmoja. Pikipiki ilipita kona ya kwanza ikinong'ona. Kwenye kona ya pili hakusikia kitu.

Mumewe alikuja kusimama kando yake, naye ametega sikio. "Mbona kimya hivyo?"

"Imekazwa vizuri," alisema Mama Robo, na machozi yakamtoka palepale njiani, mchana kweupe, majirani wakitazama.