Mweka Hazina Aliyeogopa Kutumia

Kijiji chetu cha ujamaa, huku Tumati, kilipopewa ruzuku ya serikali ya kujengea zahanati, mkutano ulinichagua mimi, Yoakimu Sulle, kuwa mweka hazina. Sikuchaguliwa kwa elimu, nilichaguliwa kwa ubahili. Mwenyekiti alieleza mbele ya watu wote kwamba mtu asiyemnunulia mkewe kitenge mpaka padri aingilie kati hawezi kula fedha za umma. Watu wakapiga makofi. Mke wangu Fransiska alipiga kuliko wote, nami nikadhani ananisifu.

Fedha ziliwekwa benki, Mbulu mjini, na hazikuweza kutoka bila sahihi yangu. Hapo nikajiona mtu mkubwa. Patriki, fundi wetu, akija kuniambia tununue bati, namjibu asubiri bei ishuke. Akiomba misumari, namletea ya zamani na kumfundisha namna ya kuinyoosha. Kuta ambazo wananchi walizijenga kwa kujitolea zilisimama bila paa, mbuzi wakawa wanalala humo.

Mwezi wa Juni akafika bibi maendeleo wa wilaya, Ludovika, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea. Aliniamkia shikamoo, akaomba kuona zahanati. Nilimpitisha pale haraka, kisha nikampa habari niliyokuwa na hamu nayo: ruzuku yote ipo benki, haijaguswa hata senti. Nikasubiri pongezi.

Ludovika aliketi juu ya tofali.

"Mzee Yoakimu," alisema, "hizi fedha hazikuletwa zilindwe. Zililetwa zitumike. Mwaka wa serikali unafungwa mwisho wa mwezi huu, na zitakazobaki zinarudi Hazina."

"Mwaka unaisha Desemba," nikamwambia.

"Wa kwako, mzee."

Akanieleza taratibu kwamba ruzuku ina kazi yake na muda wake, na kwamba anayeshindwa kuitumia naye huulizwa, kama anayeiiba. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nilikwenda benki, nikatia sahihi. Mbulu bati zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mimi na Patriki tukapanda lori hadi Katesh. Dukani zilikuwepo za kutosha. Patriki alitaka tulipe tupakie. Mimi nikaanza kubishania bei. Nilibisha vizuri sana, hata nikakaa kitako. Wakati huo mwalimu mmoja wa kijiji kingine aliingia, akalipa, akaondoka na nyingi. Tulirudi na za kuezekea nusu ya jengo. Mwezi ukaisha, fedha zilizobaki zikarudi Hazina.

Zahanati ilifunguliwa hivyo hivyo: chumba cha dawa na cha kujifungulia vina paa, baraza la kusubiria liko wazi. Mvua zilipoanza nilishikwa na kifua, nikasubiri zamu barazani, nimelowa chapachapa. Hakuna aliyenisogezea nafasi mlangoni, chini ya bati. Hata mimi nisingejisogezea.

Mkutano uliofuata nilitegemea kufukuzwa. Badala yake waliniacha, ila wakaamua kila hundi iwe na sahihi mbili, yangu na ya Fransiska. Ruzuku ya pili ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuamka siku ya kwenda benki. Njiani alinieleza mahesabu yote ya bati na mbao, nami nikamsikiliza. Baraza likaezekwa kabla ya mavuno.