Mia Tisa Wanaomtaja

Kaka yangu ni profesa wa saratani, na kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, hufungua simu kuangalia ni watafiti wangapi wapya wameitaja makala yake. Ameandika makala nyingi, lakini iliyompa jina ni moja. Humo alidai kwamba uvimbe wa titi, ukiwahiwa, huyeyuka kwa vidonge peke yake, bila kisu. Zaidi ya watu mia tisa wameitaja. Mama, ambaye hajawahi kushika jarida la kitaalamu, aliijua idadi hiyo kwa moyo na kuwatangazia majirani bila kuulizwa.

Kisha mdogo wetu, kitinda mimba, akaota uvimbe titi la kushoto. Tulimwita Kiwembe kwa sababu ya ulimi wake. Daktari wa upasuaji alimwambia uvimbe bado ni mdogo, wiki ijayo watautoa, na ataishi mpaka achoke mwenyewe. Kiwembe akanunua ndala mpya za kuvalia wodini.

Mama akatuita sebuleni.

"Nyumba hii ina profesa, halafu mwanangu akakatwekatwe na mtu nisiyemjua?"

Kaka alikohoa, akaweka simu mezani tuone mstari wa wanaomtaja unavyopanda. "Watu mia tisa hawawezi kukosea wote," alisema.

"Kaka," Kiwembe akauliza, "hao mia tisa wana matiti?"

Tulicheka, hata mimi. Mama hakucheka. Alisema mtoto anayemdharau kaka yake amemdharau yeye aliyewazaa wote, na kwetu neno la mama halina rufaa. Kiwembe akaanza vidonge.

Miezi ikapita. Uvimbe ukaenea kwapani, ukaingia mbavuni. Kaka alisema dawa huchukua muda wake. Baadaye akasema mwili wa Kiwembe ni mkaidi kama mdomo wake. Kiwembe alipoanza kukohoa damu, sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimshika mkono nikamrudisha kwa daktari wa upasuaji.

Yule daktari alimpima, akamtuma chumba cha picha, kisha akafunga mlango.

"Dada, nani aliwashauri vidonge?"

Nikaitaja makala ya kaka, tena kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe.

"Ile? Ile tunaijua sote. Huwezi kuandika kuhusu ugonjwa huu bila kuitaja."

"Si ndiyo maana tukaifuata?"

"Tunaitaja ili watu wasiifuate. Wenzetu waliijaribu, wagonjwa wakafa. Ndiyo tunayowafundishia wanafunzi jinsi utafiti unavyokosewa."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa kaka. Nilimkuta ameegemea kiti chake cha ngozi, vyeti vimejaa ukuta mzima nyuma yake.

"Hao wanaokutaja, umewahi kusoma wanachosema?"

"Wote hao? Nani ana muda huo?" Alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Kutajwa ni kutajwa. Hesabu haiulizi sababu."

Nikamwambia sababu. Akafunika uso kwa viganja, nami nikadhani anamlilia mdogo wake.

"Mama asijue," alisema mwishowe. "Kamati ya kunipandisha cheo inakaa mwezi ujao."

Nilimtukana tusi ambalo sikujua kwamba ninalo.

Kiwembe nilimwambia, kwa sababu hakuwa mtu wa kufichwa. Alicheka mpaka nikalazimika kumwinua akohoe. "Kumbe mia tisa wanamzomea," alisema, "na yeye anawapungia mkono." Akafa kabla kamati haijakaa. Kaka alipata cheo.

Mama pia nilimwambia, baada ya mazishi. Alisema nina kijicho, kwamba tangu utoto sikupenda kaka yangu asifiwe. Sijawahi kumchukia mama kama siku ile, na bado ni mimi ninayempikia.

Waswahili walisema kufa kufaana. Kaka aliandika makala mpya kuhusu mgonjwa mmoja wa kike ambaye mwili wake, kwa hitilafu ya nadra, ulikataa dawa iliyothibitishwa. Hakuomba idhini ya familia. Familia si ndiyo yeye? Alimletea mama nakala, na mama akanituma niitie kwenye fremu, akaitundika sebuleni pembeni ya picha ya Kiwembe.

Jana aliniita nimsomee tena kichwa cha makala. Nikamsomea. Akapangusa kioo kwa ncha ya kanga.

"Na huyu mdogo wako, wameanza kumtaja?"

"Yupo mmoja, mama."

"Nani?"

"Kaka. Kwenye makala yake nyingine."

Uso wa mama ukang'aa.

"Si haba," alisema. "Hata kaka yake alianza na mmoja."