Kuku Kwenye Breki ya Mwalimu

Nilichokiona kwanza, katika ndoto ya jana usiku, ni kuku aliyefunga mkanda. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu wangu wa udereva, mkanda umempita kifuani vizuri, anatazama mbele.

Sikushangaa. Kuku yule nilimjua. Jana mchana Mwalimu Shekiondo alikatiza somo letu akaniambia tupitie sokoni mara moja. Hiyo ni kawaida yake: leo nyanya, kesho mkaa. Jana alikuwa anatembelewa na mama mkwe, kwa hiyo akanunua kuku, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akamweka chini mbele ya kiti chake. Pale chini ndipo ilipo breki ya pili, breki ya mwalimu, ya kumwokoa mwanafunzi anapokosea. Mwalimu akakunja miguu yake juu ya kiti ili asimkanyage kitoweo.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, pale karibu na stendi ya Muheza. Watu walikuwa wameshaanza kuvuka. Hatukusimama. Hakuumia mtu, wameruka tu, lakini trafiki alituona, akatutaka sote wawili kituoni leo asubuhi tukaeleze.

Njiani kurudi mwalimu akanipanga.

"Utasema mimi nilikuambia simama, wewe ukapitiliza. Umenisikia, Mwanakombo? Wewe lena tu, watakuonea huruma. Mimi wakininyang'anya leseni, wanangu watakula nini?"

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Hakuniambia simama. Alichoniambia tunakijua watatu: yeye, mimi na kuku. Na lena yangu, yaani leseni ya kujifunzia, ikifutwa, gari la mikate la Mama Hidaya, ambalo ameniahidi kwa mdomo wake, ataliendesha mtu mwingine. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Leseni ndiyo ingekuwa cheti changu cha kwanza. Hata hivyo nilisema ndiyo, mwalimu, nikaenda kulala.

Basi, ndotoni kuku ananigeukia.

"Kata kulia, binti."

"Kulia hakuna barabara, bibi. Ni ukuta."

"Washa indiketa kwanza, ndipo itokee. Mwalimu wako anakufundisha nini?"

Nawasha indiketa. Ukuta unasogea pembeni kwa adabu, barabara inatokea. Tunaifuata, na bila kona wala mlango tumo ndani ya darasa langu la tano. Madawati ni yale yale, ila sasa yana vioo vya pembeni. Darasa limegeuzwa mahakama.

Hakimu ni tuta la barabarani. Amelala mbele ya ubao, mrefu, amepakwa rangi nyeusi na njano, na kila anayeingia anapunguza mwendo. Wasiopunguza wanarushwa hadi darini, na wengine bado wako huko wanasubiri kesi zao.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikasema.

"Marahaba. Pita polepole."

Washitaki wameshakaa. Ni ile mistari myeupe ya kivuko. Imeamka barabarani, imevaa kanzu, inanuka lami. Mkubwa wao ana alama ya tairi kutoka begani hadi kiunoni.

"Sisi kazi yetu ni kulala chini watu wapite," anasema. "Tukikanyagwa na miguu tunashukuru. Jana tumekanyagwa na gari la shule ya udereva. Tunataka mwenye kosa."

"Kosa liletwe," anasema tuta.

Kosa likaletwa kwenye sinia, limefunikwa kawa. Linatoa mvuke. Likatembezwa kama chakula cha wageni.

Tuta akasoma sheria kwa kichwa: "Mwanafunzi akiwa katika somo, mwenye breki ya pili ndiye dereva. Mwekeeni mwalimu."

Mwalimu Shekiondo amekaa dawati la nyuma, shati limekunjamana. Sinia likawekwa mbele yake. Akanawa mikono, akatazama kawa, akajipapasa tumbo.

"Karibuni tu, mimi nimeshiba," akasema. "Tena mguu wangu haukuwa kwenye breki. Uulizeni."

Mguu wake ukaingia peke yake, na kiatu chake. Ukapunguza mwendo mlangoni.

"Kweli," mguu ukasema. "Nilikuwa juu ya kiti, nimekunjwa. Kwenye breki alikaa kuku."

"Basi kuku ndiye dereva," tuta akasema. "Mwekeeni kuku."

Hapo shati la mwalimu likanyooka kidogo, kama lililopitishwa pasi.

Kuku akalitazama sinia. "Nimeshiba, ahsanteni. Mimi nilifungwa miguu. Aliyefungwa miguu anakanyagaje breki? Mpeni kamba."

"Unayo habari ya alichosema mwalimu?" tuta akauliza.

"Ninayo, neno kwa neno. Niulizeni upesi tu, jioni naingia chunguni."

Tuta akafikiri. "Sheria hairuhusu kuku kurudia maneno ya mtu. Hiyo ni kazi ya kasuku. Mwekeeni kamba."

Kamba akasema ameshiba, yeye ni katani tu, kama alivyosokotwa ndivyo alivyo. Uulizwe mkonge uliomzaa. Shamba zima la mkonge likaja, likajipanga dirishani mistari kwa mistari mpaka upeo wa macho. Likasema kwa sauti moja limeshiba tangu enzi za Wajerumani.

Kila sinia linaposogea, shati la mwalimu linazidi kunyooka. Sasa lina hadi mstari wa pasi mikononi. Na mimi naona linakoelekea sinia, maana madawati yamekwisha. Limebaki langu.

Likawekwa mbele yangu.

Kwetu mdogo hamwambii mkubwa "nimeshiba." Mkubwa akikukaribisha unanawa, unakula japo tonge moja, hata kama umetoka kula sasa hivi. Mwalimu Shekiondo analijua hilo. Akaja akachuchumaa karibu yangu kwa upole, akaninawisha mikono yeye mwenyewe.

"Onja kidogo, mwanangu. Wewe bado kijana, tumbo lako linasaga hata mawe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mtoto ana adabu huyu," yakasema yale makanzu ya kivuko, yakifuta machozi kwa mikono ya kanzu.

Nikafunua kawa. Kosa ni dogo kuliko nilivyodhani, jeupe, limeumuka kama unga wa mikate usiku. Nilipolitazama likazidi kuumuka. Nikajua nikila tonge moja, litanimalizikia tumboni lote. Nje ya dirisha, katikati ya mkonge, gari la mikate la Mama Hidaya linaondoka lenyewe taratibu, halina dereva, taa zinaniangalia.

"Ngoja," tuta akasema. "Kabla hujaonja. Wewe ulikuwa umeshika usukani, masikio ulikuwa nayo. Mwalimu alisema nini?"

Darasa zima likanigeukia. Mimi tangu nikiwa shule, nikiulizwa mbele za watu, ulimi unageuka ubao. Nikafungua mdomo.

Ikatoka honi.

Fupi, ya kuomba radhi, kama ya mtu anayepita nyumba yenye msiba.

"Haikusikika," tuta akasema.

Kuku akafungua mkanda wake, akasimama kwa miguu yake iliyofungwa. "Bonyeza vizuri, binti. Hiyo honi si pambo."

Nikavuta pumzi. Nikapiga honi ya pili, ndefu, mpaka makanzu yakakimbilia ukutani, mkonge ukapisha njia, na mwalimu, na shati lake lililonyooka, akarukia pembeni kama watu wa jana pale kivukoni. Sinia likaanguka. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa nimekaa kitandani, mdomo wazi. Chumba chetu kiko mbali na barabara. Uchochoro wa kwetu hata baiskeli inapita kwa kubembeleza. Ukuta ukagongwa. Alikuwa Mama Mwanjaa, mpangaji wa chumba cha pili.

"We Mwanakombo! Gari gani hilo unapigia honi humo ndani? Mtoto wangu ameamka kwa kishindo!"

Hapo simu ikaita. Mwalimu Shekiondo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mimi natangulia kituoni. Yale maneno unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Hebu niyasikie."

Koo lilikuwa linauma kidogo.

"Nilipowaona watu nikataka kukanyaga breki, mwalimu. Wewe ukasema, 'Pita tu, hao wataruka wenyewe, kuku wangu atakufa joto.'"