Chupa ya Boga

Mtaani walimwita Daktari, ingawa kazi yake ilikuwa kuuza dawa tu, kwenye duka dogo lililobanana na la kinyozi. Alikuwa na mwandiko mzuri, sauti ya chini, na mume aliyefunga naye ndoa miezi saba iliyopita. Mama mkwe wake alimpenda, hilo alilijua. Lakini kupendwa ni jambo moja na kuaminiwa ni jambo jingine, na katika miezi yote hiyo hakuwahi kuachiwa hata kumwagilia bustani peke yake.

Kwa hiyo siku Mama alipofunga mzigo kwenda kumhudumia binti yake mkubwa aliyejifungua, akamwonyesha chupa tano zilizopangwa chini ya kitanda, Daktari alijiona kama aliyekabidhiwa nyumba nzima.

"Hizi ni mbegu zilizobaki baada ya kupanda," Mama alisema. "Mchicha, nyanya, bamia, biringanya. Na hii yenye mdomo mpana ni ya boga. Boga hili nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa, sijawahi kununua mbegu yake dukani. Ziangalie tu, mwanangu. Zisipate maji."

"Sawa, Mama."

Kuangalia tu ndiko kulikomshinda. Chupa zote zilikuwa zimejaa jivu, na yeye alikuwa amesomea usafi. Jumapili alitandaza gazeti mezani, akachekecha jivu kwa chujio la chai. Mchicha ulimtoa jasho, maana mbegu zake ni ndogo karibu sawa na jivu lenyewe. Akaurudisha chupani kimya kimya. Nyingine alizitia kwenye bahasha za vidonge, akaandika jina juu ya kila moja, akaziweka katika kopo pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na dawa. Mbegu za boga alizifuta moja moja kwa kitambaa mpaka zikang'aa, akazitia kwenye chupa ya kioo, akaiweka katika friji kando ya mayai. Akafunga mlango wa friji, akaufungua tena kuzitazama.

Jumatano alirudi nyumbani kutoka kazini akapokewa na harufu ya chumvi kwenye kikaango cha moto. Mumewe, fundi umeme, alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda, na sahani ya maganda mapajani.

"Karibu, Daktari. Leo kweli umenikumbuka."

"Nimekukumbuka kwa lipi?"

"Si hizi mbegu ulizoniwekea! Safi, hata vumbi hazina. Nimezikaanga kidogo tu."

Daktari alikaa kitini, mkoba bado begani. "Zimebaki ngapi?"

Mume alitazama sahani, akatazama uso wa mkewe, akaacha kutafuna. "Nimekuachia mbili. Lakini zimeshakaangwa."

"Ni boga la Mama."

"La Mama? Mama yangu mimi?" Aliiweka sahani chini taratibu, kama mtu aliyeshika waya akakumbuka kwamba hakuzima umeme. "Basi nitasema ni mimi. Kosa ni la tumbo langu."

"Tumbo lako lingejuaje? Mimi ndiye niliyezisafisha."

Siku tatu alikula bila kuonja ladha. Mama aliporudi Jumamosi, Daktari hakungoja hata avue viatu. Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo: jivu, friji, kikaango. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ile chupa ya zamani ya boga umeiosha?"

"Bado, Mama."

"Ilete."

Mama aliigonga chupa kwenye kiganja. Haikutoka kitu. Akachukua kijiti, akaanza kuchokonoa jivu lililogandamana kitakoni. Kikadondoka kibonge, akakipasua kwa kidole gumba. Mbegu mbili. Kikafuata kingine. Zilipatikana tano, za kijivu, hazitamaniki.

"Ukoo wetu mkaidi huu," Mama alisema, akacheka peke yake. Kisha akamgeukia mkamwana wake. "Unajua kwa nini natia jivu?"

"Kwa ajili ya wadudu, Mama. Na unyevu."

"Wadudu, ndiyo. Hasa yule wa miguu miwili." Alielekeza kidevu mlangoni, ambako mwanawe alikuwa amesimama nusu ndani, nusu nje. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nikaficha kabatini, akala. Nikaficha kwenye sanduku la nguo, akala. Nilipozitia jivu ndipo nyumba ikapata amani."

"Mama, nipo hapa hapa."

"Nakuona. Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Zile bahasha nyingine Mama alizipekua moja moja. Akasoma majina, akazirudisha ndani ya kopo. "Hizi ziache hivi hivi," alisema. "Miaka yote nachanganya nyanya na biringanya."

Mbegu mbili za boga walizipanda jioni ile ile nyuma ya jiko. Siku ya saba Daktari alikuwa akipiga pasi aliposikia Mama akimwita: "Daktari! Njoo uwaone wagonjwa wako!" Akatoka mbio. Vichipukizi viwili vilikuwa vimeinama, kila kimoja bado kimevaa ganda kichwani kama kofia iliyompwaya mwenyewe.

Zilibaki mbegu tatu. Mama alimpa chupa na bakuli la jivu, kisha akachukua ndoo akaenda kumwagilia bamia zake. Safari hii hakusema "ziangalie tu." Wala hakugeuka nyuma.

Daktari alitia jivu, mbegu, jivu tena, akakaza kifuniko. Halafu akatoa mkobani lebo ya dukani iliyochapwa: *Weka mbali na watoto*. Akaibandika chupani, akalikata neno la mwisho kwa kalamu, na juu yake, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika: *mume*.