Boksi Lililogoma Kuachia Birika

Kazi yangu ni kuchora maboksi kwenye kompyuta. Usicheke. Kama sahani zako zilifika dukani nzima, jua kuna mtu kama mimi aliyekaa akiziangusha kwenye kioo cha kompyuta, ubavu, kichwa chini, mpaka mgongo ukamuuma.

Mke wangu ni mfinyanzi. Mwenye hoteli mmoja wa mji wa mbali alimwambia: nitumie birika moja, likifika zima naagiza ya hoteli nzima. Tanuri la mke wangu lilikuwa limepasuka, na oda hiyo ndiyo ingemjengea jingine. Bila hiyo, anaacha ufinyanzi.

"Baba watoto," akaniambia, "nitalifunga kwa magazeti kama siku zote."

"Magazeti! Na mimi nipo?" Nilikaribia kulia kwa kudharauliwa.

Nikalipima birika, nikachora sponji ya kulikumbatia kila upande, nikaliangusha kwenye programu mpaka kompyuta ikachoka. Halikutikisika hata kidogo. Ofisini nikalitupa boksi lenyewe, birika likiwa ndani, ngazini mbele ya wenzangu. Nikafunua, nikachungulia: zima! Kichwa kikavimba. Juu ya boksi nikachapisha jina langu na simu yangu kwa herufi kubwa. La mke wangu? Wee, nafasi iliisha.

Wiki iliyofuata mwenye hoteli akanipigia.

"Boksi limefika salama," akasema. "Ila birika limegoma kutoka. Tumevuta, wapi! Mpishi kaushika mkono wa birika, ukakatika, ukambakia kiganjani. Tukatia kisu, likapasuka kabisa."

Mungu wangu. Nililiangusha kila namna, sikuwahi kulitoa. Kwenye kompyuta unabonyeza tu, sponji inapotea. Mtaalamu mzima!

"Lakini hilo boksi, kiboko!" akaendelea. "Nina glasi zangu za kusafirisha. Nitengenezee maboksi mia mbili. Mabirika basi, tutanunua ya bati."

"Ahsante kwa oda," nikajibu. Adabu za ofisini zilinitangulia.

Nikageuka. Mke wangu alikuwa mlangoni, udongo hadi viwikoni.

"Ameagiza?"

"Ameagiza," nikasema. Ulikuwa ukweli.

Akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani, akanikumbatia na udongo wake wote.

"Na mimi nilivyokuwa sikuamini," akasema. "Nisamehe, mume wangu."